Shuka la Mstari Mmoja

Nianze na kukiri, maana nikianza na sifa zangu nitaishia kujitetea. Nilimwonea donge mwanamke mkimbizi ambaye hakuwa na hata kitanda chake mwenyewe. Uzuri alikuwa nao, lakini haukunisumbua. Mume wake alibaki kwao Burundi na hakujua kama yu hai, kwa hiyo hapo napo hapakuwa na cha kugombea. Nilimwonea donge kwa sababu ya mstari. Alichora mstari kwa penseli juu ya kitambaa, na mstari wake ulikuwa bora kuliko wangu.

Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa mchora vitambaa wa mtaa wetu wa Rusimbi, huku Kigoma. Kazi hiyo mabinti wa leo hawaijui, hebu niieleze. Mwanamke akitaka kudarizi shuka, foronya, kitambaa cha meza au kifuniko cha redio, alimtafuta kwanza mtu wa kumchorea maua au ndege, kisha yeye akapitisha uzi juu ya mchoro. Mimi nilikuwa na michoro yangu kwenye karatasi za kaki za mifuko ya saruji, kila mchoro nimeutoboa kwa sindano, tundu baada ya tundu. Naitandaza karatasi juu ya bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba, nachovya kitambaa kikuukuu kwenye bluu ya kufulia niliyoikoroga na mafuta ya taa, nasugua. Nikiinua karatasi, ua limebaki pale kwa vidoti vya bluu, na mwenye kitambaa anakwenda nyumbani kuviunganisha. Chumba changu kilinuka mafuta ya taa mwaka mzima, na vidole vyangu vilikuwa vya bluu hata siku ya Idi.

Nilijiona, sitaficha. Nilikuwa nimesoma ushonaji kwa mwalimu wa sayansikimu aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, na yeye alitufundisha mambo ambayo mafundi wengine wa mji hawakuyasikia: kwamba mchoro wowote una mistari, maumbo, rangi na nafasi tupu, na kwamba mstari ndio wa kwanza kwa sababu vingine vyote vinausubiri. Mstari uliosimama una nguvu, alisema. Uliolala unatuliza jicho, kama ziwa asubuhi lisipokuwa na upepo. Uliopinda una upole. Uliovunjikavunjika una wasiwasi, jicho halipati pa kupumzika. Mnene unasogea mbele, mwembamba unarudi nyuma. Niliyaandika yote katika daftari, na nilipokuwa nikisugua bluu yangu niliwasomea wateja, hata wale ambao hawakuniuliza. Waliitikia tu ili niwamalizie kazi waende.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa shuka la bibi harusi. Mtaani kwetu bibi harusi hudarizi mwenyewe shuka la kwanza la kitanda chake, na siku ya kupeleka vyombo wanawake wa upande wa mume hulikunjua mbele ya watu. Hulitazama mbele, kisha hulipindua na kulitazama mgongo, kwa sababu mgongoni ndiko mafundo na nyuzi zilizokatika huonekana. Nimeona mabibi harusi waliosifiwa mpaka wakalia, na nimemwona mmoja ambaye shangazi wa mume alilikunja shuka lake haraka haraka na kusema, "Basi, tumeona." Maneno hayo mawili yalimfuata mpaka akazaa mtoto wa pili.

Halafu wakaja wakimbizi. Wengine walishuka kwa miguu kutoka milimani, wengine kwa mitumbwi kwa njia ya ziwa, na kwa muda mji wetu ulikuwa umejaa watu wenye magodoro vichwani. Wengi walipelekwa kambini, huko njia ya Kasulu. Nilitoa khanga mbili na sufuria, nikalia kidogo, nikarudi kwenye bluu yangu. Kumhurumia mtu asiye na kitu ni kazi nyepesi, kwa sababu hajakugusa popote.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu alikaa mama mmoja wa Kiha, mjane, muuza mawese, Mkristo wa kanisani kila Jumapili. Siku moja alirudi kutoka kambini na mwanamke wa makamo yangu. "Huyu ni mtoto wa mjomba wangu," alituambia majirani. Mjomba huyo tulikuwa hatujawahi kumsikia. Lakini Kiha na Kirundi vinasikilizana, nyuso zinafanana, na miaka ile nusu ya Rusimbi ilikuwa imepata wajomba wapya. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mgeni alikuwa na kibali cha kutoka kambini kwa ajili ya matibabu, na kibali kilipokwisha yeye akabaki.

Nilimwona akichora siku niliyokwenda kununua mawese. Alikuwa ameketi barazani juu ya mkeka, kitambaa cha meza mapajani, na kipande cha penseli kifupi kama kidole cha mtoto. Hakuwa na karatasi ya kutoboa. Hakuwa na rula. Aliweka ncha ya penseli kwenye kitambaa akaanza korongo, yule mwenye taji: mdomo, kichwa, taji, akashuka na shingo, akaingia bawani, akazunguka unyoya mmoja mmoja, akafika mkiani, akateremka mguuni, akapanda kwa mguu wa pili, akapita tumboni. Nikangoja ainue mkono. Hakuinua. Mstari ulikuwa mwembamba shingoni na mnene chini ya tumbo, pale ndege anapobeba uzito wake, na ulirudi mdomoni ukajifunga wenyewe.

"Amahoro, dada," alinisalimu alipomaliza, kana kwamba ndipo alipoona kuna mtu.

"Amahoro," nikajibu. "Umejifunzia wapi?"

"Mu kambi. Tulikuwa wanawake wengi, tunafundishana."

Mnene unasogea mbele, mwembamba unarudi nyuma. Nilikuwa nimelihubiri neno hilo miaka kumi na zaidi, na mkono wangu haukuwahi kulitenda hata mara moja, kwa sababu vidoti havina unene. Nilirudi nyumbani na chupa tupu. Mawese niliyasahau.

Kuanzia hapo wateja wangu walianza kupungua mmoja mmoja, wakipita mbele ya mlango wangu wameficha vitambaa ndani ya khanga kama watu waliobeba kitu cha haramu. Mwanamke mmoja mwenye mdomo aliniambia waziwazi, "Ndege wako amesimama kama askari yuko gwaride. Wa Mrundi anataka kuruka." Wenzake wakacheka na mimi nikacheka nao. Nikaanza kazi ya kutafuta makosa. Nilisema hana mpangilio. Nilisema hajui kuacha nafasi. Nilisema penseli haitoki kwenye bafta, wakati bluu inatoka kwa kufua mara moja. Hili la mwisho lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli nililirudia mpaka watu wakachoka.

Nilikuwa na binti. Si wa kumzaa, ni wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu anatambaa, na aliniita mama mdogo kwa namna ambayo neno "mdogo" halikusikika. Mwaka ule alichumbiwa na kijana wa Ujiji, ukoo wa watu wanaojua kutazama mgongo wa shuka. Mchoro wa shuka lake nilikuwa nao tayari tangu alipokuwa darasa la tatu: mashada manne ya mawaridi pembeni, moja kubwa katikati, nimeutoboa kwa sindano nyembamba kuliko zote. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kupigiwa mchoro ule. Nilikuwa nikiutoa mara moja moja kuupangusa vumbi.

Alikuja jikoni nikiwa napepeta mchele, akasimama mguu mmoja juu ya mwingine kama alivyofanya akiwa mdogo na ana la kuomba.

"Mama mdogo, usikasirike."

"Sijakasirika. Sema."

"Shuka langu nataka achore yule dada wa Burundi."

Nilipepeta mchele ule mpaka hakukuwa na pumba hata moja. Nikamwambia shuka ni lake, kitanda ni chake, achague. Nilisema kwa sauti nzuri sana. Ungenisikia ungesema huyu mama ana moyo mweupe.

Kabla ya kuanza shuka, yule mwanamke alimchorea foronya moja ya korongo, ya kujifunzia, apate kuuzoea mkono wake. Foronya ililetwa nyumbani, na siku binti yangu alipokwenda Kigoma mjini kununua nyuzi, mimi niliiiba. Sikuichukua, nilifanya vibaya zaidi. Nilipaka karatasi mafuta mpaka ikaonyesha kilicho chini yake, nikailaza juu, nikafuatisha mstari wote, nikautoboa matundu. Mchana kutwa sikula. Mwanamke wa mtaa wa Kasingirima alipokuja kutaka foronya, nikampigia korongo yule kwa bluu, nikamwambia, "Huu ni mchoro wangu mpya." Alifurahi na mimi nikavimba kichwa.

Baada ya wiki mbili alirudi, akaitupa foronya mezani na mgongo juu. Nimeona migongo mingi, lakini ule ulikuwa kichaka. Mafundo kila mahali, nyuzi zimerukaruka kutoka bawani kwenda mguuni na kurudi.

"Mchoro wako hauna njia," alisema. "Nikishona nafika mahali uzi hauna pa kwenda. Nakata, naanza kwingine, nafika tena ukutani. Mbona wa Mrundi ukianza unafika?"

Jibu nililipata jioni kwa binti yangu, ambaye hakujua kwa nini nilikuwa nauliza. Kule kambini, alinieleza kama alivyoelezwa, uzi ulikuwa wa kufumua. Walifumua sweta kuukuu, walifumua pindo za mablanketi, wakapata vipande. Kila unapokata uzi unapoteza kiasi cha kidole kwa ajili ya fundo na mkia wake. Kwa hiyo wanawake wale walijifunza kuchora kwa namna ya kumwongoza mshonaji: unaanzia mkiani, unapita njia panda hii bila kukunja, utarudi kwayo baadaye, na mwisho unatokea ulipoanzia bila kukata hata mara moja. Mimi nilikuwa nimenakili mahali mstari ulipopita. Ulikoanzia na ulikokuwa unaelekea sikujua, kwa sababu matundu ya sindano hayasemi habari hiyo.

Mtu mwenye roho nzuri angesikitika kusikia habari za sweta zilizofumuliwa. Mimi nilisikitika kidogo, halafu nikamwonea wivu hata dhiki yake, kwamba imemfundisha kitu ambacho mimi, niliyekuwa na bunda zima la nyuzi kabatini, sikufundishwa na mtu.

Shuka la bibi harusi halitoki nyumbani kwao mpaka siku ya vyombo. Ni miiko yetu. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuja kwangu. Siku ya kwanza alivua ndala mlangoni, akanawa mikono, akaomba nimsaidie kulitandika shuka kwenye jamvi la sebuleni. Tulilivuta pande mbili, yeye kule mimi huku, mpaka likanyooka. Akapiga magoti katikati ya ule weupe akalitazama pembe kwa pembe. Nilitaka kumwambia aanze, siku inakwenda. Kisha akaweka penseli.

Kwa siku tatu nilipika nikichungulia kupitia pazia. Ulikuwa mzabibu unaozunguka shuka zima, na makorongo wawili wanaotazamana, na mzabibu unaingia ndani ya ndege na kutoka kama vile ndege ameota kutoka kwenye tawi. Mstari mmoja. Akipumzika kula, aliacha penseli palepale ilipofika, imelala. Alikuwa akinishukuru kwa kila kikombe cha chai. "Urakoze, dada." Aliniuliza habari za bluu yangu, jinsi ya kuchanganya, na akanisifu kwamba kwa bluu mtu anaweza kupiga vitambaa ishirini vinavyofanana, jambo ambalo yeye hawezi. Nilimjibu kwa mkato. Sifa kutoka kwake zilinikera kuliko masengenyo ya majirani.

Siku ya nne asubuhi, binti yangu akiwa sokoni, mjumbe wa nyumba kumi alipiga hodi. Alikuwa mzee mpole, daftari mkononi, na nyuma yake walisimama mgambo wawili.

"Shikamoo, mjumbe."

"Marahaba, mwanangu. Tunapita kila nyumba. Walio nje ya kambi bila kibali wanarudishwa. Humo ndani una mgeni?"

"Yupo anayechora shuka la binti."

"Ndugu yenu huyo," alisema mjumbe. Hakuuliza. Alikuwa ameshainamisha kalamu yake kwenye daftari, anangoja tu nitikise kichwa aandike. Alikuwa amefanya hivyo nyumba nyingi asubuhi ile, nilijua, na alikuwa ananifanyia wema.

Mlango ulikuwa wazi. Kati yangu na sebule kulikuwa na pazia tu. Niliwaza shuka lile, niliwaza siku ya vyombo na wanawake wa Ujiji wakiuliza, "Nani kachora?" na jina litakalotajwa lisiwe langu.

"Hapana," nikasema. "Sisi hatuna undugu naye. Ni Mrundi wa kuchora tu."

Mjumbe aliinua uso akanitazama. Nadhani alitaka kunipa nafasi ya pili, lakini mgambo mmoja alikuwa ameshasikia na kupiga hatua mbele. Ilibidi mjumbe amwite yule mwanamke. Walimpa muda, hawakumgusa wala kumfokea. Kitambo kidogo kikapita, kisha akatoka, amejifunga kitenge vizuri, akavaa ndala zake.

"Asante ya chai, mama," akaniambia. Akaenda nao.

Nilipoingia ndani penseli ilikuwa imelala juu ya shuka, mahali mstari ulipofika.

Binti yangu aliporudi nilimwambia wamepita, wamemkuta, wamemchukua. Jirani muuza mawese nilimwambia vilevile. Yote niliyosema yalikuwa kweli, kama vidoti vyangu vilivyokuwa kweli. Binti alilia. Kisha akafuta macho akasema maneno niliyoyasubiri miezi kadhaa: "Basi utamalizia wewe, mama mdogo. Nani mwingine?"

Nilikaa mbele ya shuka lile siku sita. Nilijaribu kwanza kwenye karatasi za kaki. Mzabibu ulikuwa umebakiza pembe moja na mguu wa korongo wa pili, kazi ambayo kwa macho ungesema ni ya saa moja. Lakini kila nilipopeleka mstari nilifika mahali ambapo lazima niinue mkono. Nikipita tawini, mguu unabaki peke yake. Nikianza na mguu, tawi halifungi. Nililala usingizi wa mang'amung'amu nikiota njia panda.

Katika kulichunguza ndipo nilipoona kitu. Kiasi cha shibiri moja kabla ya pale mstari uliposimama, chini ya jani, mstari ulikuwa umejikunja ghafla, mpindo mdogo kama mkono umeguswa, kisha ukanyooka na kuendelea mtulivu mpaka mwisho. Katika shuka zima lilikuwa kosa pekee. Naandika hili kwa aibu: nilifurahi. Nilisema kimoyomoyo, kumbe naye hukosea. Siku ile nilikula ubwabwa vizuri.

Furaha ile haikumaliza shuka. Zilibaki wiki tano kabla ya siku ya vyombo, na binti alihitaji nne nzima za kushona. Asubuhi moja nililikunja shuka ndani ya khanga mbili, nikamwambia binti yangu nakwenda kutafuta nyuzi za rangi, nikapanda basi la Kasulu. Nilivunja miiko ya nyumba yetu na sikumwambia mtu. Njia nzima vumbi liliingia na mimi nililikumbatia furushi kama mtoto mchanga.

Kambini sikupata shida kumpata. Niliuliza mchoraji wa mashuka, nikapelekwa. Alikuwa ameketi nje ya kibanda na wanawake saba au wanane, kila mmoja na kitambaa chake, na wote walikuwa wakimtazama mkono. Nikamwonea donge lile lile, hata pale, hata mbele ya nyumba ya turubai. Wanafunzi wangu mimi walikuwa wakiitikia ili waende zao. Wake walikuwa wamekaa.

Alisimama akanipokea vizuri, akaniletea kigoda na maji. Sikuhitaji kueleza. Alilifungua shuka, akaomba wenzake wanne walishike pembe lisiguse udongo, akapiga magoti. Akaomba penseli. Nilikuwa nimeileta ile ile. Aliiweka pale ilipoishia na mkono ukaondoka, ukapanda tawini, ukashuka, ukaingia mguuni kwa njia ambayo mimi kwa siku sita sikuiona, ukazunguka pembe, ukarudi. Mstari ulijifunga ulipoanzia. Nilikuwa nimeandaa maneno ndani ya basi, na hapo ndipo yalipotoka, vibaya.

"Siku ile mlangoni," nilisema, "mjumbe aliponiuliza..."

"Nilisikia, mama."

Yeye alipitisha kidole juu ya mstari, taratibu, mpaka chini ya jani, akakisimamisha kwenye ule mpindo.

"Hapa ndio ulikuwa unajibu," alisema.

Kidole chake kikaendelea mbele, shibiri moja ya mstari mtulivu, mpaka pale alipoitwa. Ndipo nilipoelewa kwamba alinisikia nikimtoa, mkono ukatetemeka mara moja, na akaendelea kumchorea binti yangu mpaka walipomwita jina.

"Tufute hapo," nikamwambia. "Nina mkate, mkate unafuta penseli."

"Oya," alikataa. "Ukifuta hapo unakata njia." Akaanza kulikunja shuka, kwa uangalifu, ncha kwa ncha. "Mwambie bibi harusi aanzie mkiani kwa huyu wa kushoto. Asikimbie."

Alinisindikiza mpaka barabarani, kama mgeni anavyosindikizwa. Aliniita mama mpaka mwisho. Tulikuwa na umri mmoja.

Binti yangu alifurahi mno hata hakuuliza zaidi. Nilimwambia nimelipeleka kambini kwa mchoraji wake, akanibusu mikono. Alianzia mkiani. Kila siku alikaa dirishani, na mimi nikawa nampikia, namtilia nyuzi kwenye sindano. Wiki ya pili alifika chini ya jani. Uzi unafuata mstari kama ulivyo, hauna hiari, na aliona kwamba hapo unamtaka apinde.

"Mama mdogo, hapa mkono wake ulitikisika. Kwa nini?"

Ningeweza kusema ni mwiba wa mzabibu. Ningeweza kusema ni kishina cha tawi, na angeamini, kwa sababu mimi ndiye msomi wa mistari katika nyumba ile. Alikuwa ameinua uso ananitazama kwa macho ya dada yangu. Nikamwambia. Nilimwambia yote, mjumbe na kalamu yake, pazia, na neno nililosema na sababu yake, na hata foronya niliyonakili.

Hakupiga kelele. Aliinama, akaupitisha uzi palepale penye mpindo, vizuri, bila kuunyoosha, akaendelea na tawi.

Siku ya vyombo wanawake wa Ujiji walilikunjua shuka, wakalipindua, wakalitazama mgongo kwa muda mrefu, na shangazi wa mume akauliza nani kachora. Binti yangu alijibu, "Dada mmoja wa Burundi." Alilitamka neno "dada" wazi, bila kunitazama.

Hajanikosea adabu tangu siku hiyo. Hunijulia hali, huniletea dagaa, watoto wake wananiita bibi na kulala kwangu. Ila ana foronya, ana mashuka, ana vitambaa vya kochi, vyote vya kudarizi, na hajawahi tena kuniomba nimchoree chochote.